Kanuni Hutungwa Wakati wa Amani
Mhadhara kuhusu halmashauri na mapitio ya Kanuni zake za Kudumu



Jambo nililokuja kulizungumza halina desturi ya kujaza ukumbi. Ukitangaza mkutano wa kuamua zahanati ijengwe kijiji gani, watu watasimama hadi madirishani. Ukitangaza mkutano wa kupitia Kanuni za Kudumu za Halmashauri, watakuja wanasheria na makarani wa vikao. Hata hivyo zahanati ile itajengwa kwa haki au kwa upendeleo kufuatana na kanuni zile. Nani aliitwa kikaoni, nani alipata kabrasha mapema, nani aliruhusiwa kusema, nani alitakiwa kutamka kwamba ana maslahi na kutoka nje, kura zilipigwaje, muhtasari uliandikwaje: hayo yote yameshaamuliwa na kanuni kabla diwani wa kwanza hajainua mkono.

Pasipo kanuni, vikao huendeshwa kwa msemo tunaoujua sote: mwenye nguvu mpishe. Mwenye sauti kubwa husema mara tatu na mwenye haya hasemi kabisa. Mwenye gari hufika na mwenye baiskeli hukuta wameshaafikiana. Kanuni za kikao ndizo zinazompa diwani wa viti maalum aliyechaguliwa jana dakika zilezile anazopewa mzee aliyekaa barazani vipindi vinne. Ndizo zinazomlazimisha Mkurugenzi wa Halmashauri kujibu swali la mtu asiye na cheo. Ni ngao ya mnyonge, na kwa sababu hiyo namna ya kuzipitia ni jambo la wananchi wote.

Hoja yangu leo ni moja. Halmashauri inapaswa kupitia kanuni zake wakati wa amani, kwa ratiba inayojulikana, ikianzia kwenye mihtasari yake yenyewe na ikiwasikiliza wale watakaoishi chini ya kanuni hizo. Kanuni inayobadilishwa katikati ya ugomvi hugeuka fimbo ya upande ulioshinda siku ile.

Kanuni hizi zimekaa wapi

Tuanze na mahali pake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 145, inaagiza kuwepo kwa vyombo vya Serikali za Mitaa. Ibara ya 146 inataja madhumuni yake, nayo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Chini ya Katiba ziko sheria tatu zilizotungwa mwaka 1982: Sheria Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji, na Namba 9 ya fedha za Serikali za Mitaa. Leo tunazifahamu kama Sura ya 287, ya 288 na ya 290. Chini ya sheria hizo ndipo zinapokaa Kanuni za Kudumu za kila halmashauri.

Kanuni hizo zinasema mkutano uitishwe vipi, akidi ni wajumbe wangapi, hoja iwasilishwe na kuungwa mkono kwa utaratibu gani, maswali yaulizwe lini, kamati ziwe zipi na zifanye nini, na mjumbe anayekiuka utaratibu afanywe nini. Pembeni yake ziko sheria ndogo, ambazo humgusa mkazi moja kwa moja: ushuru wa masoko, usafi wa mazingira, mifugo inayozurura, ada za machinjio. Kwa maneno mepesi, Kanuni za Kudumu humbana diwani na mtumishi, na sheria ndogo humbana mkazi. Lakini zote mbili hupitishwa katika ukumbi mmoja. Halmashauri yenye utaratibu mbovu wa vikao haiwezi kuzaa sheria ndogo nzuri isipokuwa kwa bahati.

Tanzania Bara ina halmashauri 184 na vijiji zaidi ya 12,000. Fikirini safari ya ombi la kisima. Linaanza kwenye kitongoji. Linafika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Linachambuliwa na Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kamati ya kudumu inayoshughulikia maji, kisha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na mwisho Baraza la Madiwani, ambalo mikutano yake ya kawaida hufanyika kila robo ya mwaka. Katika kila kituo kuna kanuni. Ombi likikaa kituo kimoja kwa sababu kikao hakikutimiza akidi, robo nzima imepotea, na mama mwenye ndoo kichwani hajui akidi ni kitu gani wala nani aliyeivunja.

Tulichojifunza kwa gharama

Historia yetu inatudai tulichukulie jambo hili kwa uzito. Kuanzia mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, Serikali ilizifuta halmashauri. Za vijijini zilitangulia, za miji zikafuata. Kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Nia iliyotamkwa ilikuwa njema, kuharakisha maendeleo na kuyasogeza karibu na watu. Lakini katika miji huduma zilizorota, taka zikalundikana, mifereji ikaziba, na miaka ileile kipindupindu kikatutembelea. Mwaka 1978 miji ikaanza kurudishiwa halmashauri zake. Sheria za 1982 zikafuata, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka huo wa 1984 kwamba kufuta Serikali za Mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyafanya kama angepewa nafasi ya kuanza tena.

Jijini Dar es Salaam tumeona mengine. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Tume ya Jiji ikaongoza hadi mwaka 2000. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sitaji matukio haya ili kuhukumu uamuzi wa mtu. Nayataja kwa sababu yanafundisha jambo moja: chombo ambacho wananchi hawajui kinavyofanya kazi hakina wa kukisemea siku kinapoguswa. Watu hutetea kile wanachokijua na wanachokiona kuwa chao. Mkazi ambaye hajawahi kuambiwa kuwa anaweza kukaa ukumbini akasikiliza Baraza la Madiwani hawezi kulilia Baraza hilo.

Wakati wa kupitia

Katika halmashauri zetu, kanuni huguswa kwa sababu tatu. Ya kwanza ni waraka kutoka TAMISEMI, ofisi inayosimamia Serikali za Mitaa, unaoelekeza marekebisho. Ya pili ni hoja za ukaguzi, pale Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapoonyesha kasoro inayojirudia. Ya tatu ni mgogoro: kuna kundi linataka kumwondoa mwenyekiti au meya, au mwenyekiti anataka kulizuia kundi hilo lisipate kusema.

Sababu mbili za kwanza hazina ubaya, ingawa zote zinatoka nje ya ukumbi. Ya tatu ni sumu. Mgogoro ukishawaka, kila kifungu husomwa kwa jicho la jina la mtu. Swali la haki na utaratibu hupotea, linabaki swali la nani atafaidika Jumatatu ijayo. Wanaopunguza dakika za kuchangia wanamfikiria mchangiaji fulani. Wanaotaka kura ya wazi wanataka kujua nani atawasaliti. Na kwa kuwa siasa ni mzunguko, kanuni iliyotungwa kumnyamazisha fulani itamnyamazisha mtungaji wake akifika upande wa pili.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano wa kuzingatiwa. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa la Kenya zenyewe zinaagiza kwamba zipitiwe angalau mara moja katika kila kipindi cha Bunge, kabla ya miezi sita ya mwisho ya kipindi hicho. Hakuna anayesubiri ugomvi. Mapitio yana tarehe, yana kamati, na yana ripoti. Sharti la namna hiyo linaweza kuandikwa kwa mistari miwili katika kanuni za halmashauri yoyote ya hapa kwetu.

Pendekezo langu ni mapitio yafanyike katika mwaka wa pili wa uhai wa Baraza. Mwaka wa kwanza madiwani wengi bado wanajifunza. Hawawezi kurekebisha chombo ambacho hawajakitumia. Mwaka wa nne na wa tano macho yote yako kwenye uchaguzi. Mwaka wa pili wameshaonja vikao, wameshajua kinachowabana bila sababu na kinachowasaidia, na hakuna bado anayepiga hesabu za kampeni. Pamoja na hilo, naomba liongezwe sharti moja: badiliko lolote linalogusa cheo au adhabu ya mjumbe lianze kutumika kwa Baraza lijalo. Mtu akijua kwamba kifungu anachokitunga hakitamwangukia hasimu wake wa leo, atatunga kwa ajili ya haki.

Anzeni na mihtasari

Mapitio mengi huanza vibaya kwa sababu huanza na vifungu. Mwanasheria wa Halmashauri hufungua kitabu ukurasa wa kwanza, anasoma kwa sauti, wajumbe wanaitikia, na kufika mchana wamepita vifungu ishirini bila kujua ni kipi kina ugonjwa. Nawasihi waheshimiwa mfanye kinyume. Anzeni na kabati la mihtasari. Chukueni mihtasari ya miaka miwili ya Baraza na ya kamati zote, mwiweke mezani, na mwiulize maswali.

Ni vikao vingapi viliahirishwa kwa kukosa akidi, na katika msimu gani? Huenda mtagundua kwamba vikao huanguka wakati wa masika barabara zinapokatika, na dawa ikawa kuhamisha ratiba badala ya kutishia watu adhabu. Ni ajenda ngapi ziliingia mezani siku ileile, bila kabrasha? Ni maazimio mangapi yamekaa kwenye yatokanayo, yaani ajenda ya kufuatilia maamuzi ya vikao vilivyopita, robo baada ya robo, yakiwa na maelezo yaleyale kwamba utekelezaji unaendelea? Ni nani wanaoonekana kuchangia, na ni nani ambao majina yao yamo kwenye orodha ya mahudhurio tu? Je, hoja zilizojibiwa katika kikao maalum cha kujadili taarifa ya Mkaguzi mwaka jana zimerudi mwaka huu?

Mihtasari haina chama wala haina kinyongo. Itawaonyesha kanuni ipi imekufa, ipi haipo na inahitajika, na ipi ni nzuri lakini haifuatwi. Aina hii ya tatu ndiyo inayotudanganya zaidi, kwa sababu dawa yake haimo katika kuandika upya. Dawa yake ni mtu kusimama na kusema, mheshimiwa mwenyekiti, kuhusu utaratibu.

Mambo matano ya kutazama kwa jicho kali

Sitapita kila sura ya kanuni. Nitakaa kwenye mambo matano ambako haki hupatikana au hupotea.

La kwanza ni taarifa na makabrasha. Diwani anayepokea kabrasha nene mlangoni asubuhi ya kikao amenyimwa kazi yake. Bajeti haiwezi kusomwa wakati watu wanakunywa chai. Wataalamu wameishi nayo kwa wiki kadhaa, diwani ameiona kwa saa moja, halafu tunaambiwa Baraza limeridhia. Kanuni itaje idadi ya siku kabrasha linapotakiwa kuwa mikononi mwa mjumbe, na iongeze neno lenye meno: jambo ambalo kabrasha lake halikufika kwa wakati halitajadiliwa, isipokuwa dharura ambayo sababu zake zimeandikwa. Na kabrasha liandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi halmashauri, ambayo wajumbe wake wamejadiliana kwa Kiswahili siku zote, haina udhuru wa kuleta jedwali la kitaalamu kwa Kiingereza na kutegemea watu wakae kimya kwa aibu.

La pili ni nafasi ya kusema na namna ya kuamua. Sheria imeweka wanawake wa viti maalum wasipungue theluthi moja ya madiwani wa kuchaguliwa katika kata. Kuwapo kwao ukumbini ni ushindi wa kweli, lakini kiti hakisemi. Kanuni ikiruhusu mwenyekiti kumpa nafasi amtakaye bila mpangilio, wanaozoeleka watazoeleka zaidi. Iweko orodha ya wachangiaji, muda ulio sawa, na haki ya asiyesema kutangulia aliyeshasema. Kuhusu uamuzi, tuseme lililo kweli: mara nyingi madiwani wa chama kimoja hukutana kwanza katika kikao chao cha chama, na kufika kwenye Baraza mambo yameshakwisha. Vyama vina haki ya kukutana. Lakini kanuni inaweza kutaka kila uamuzi mkubwa uandikwe pamoja na sababu zake na pamoja na maoni yaliyotofautiana, ili mwananchi asome kwenye muhtasari kwa nini zahanati ilikwenda kaskazini na siyo kusini.

La tatu ni mgongano wa maslahi. Sheria tayari inamtaka mjumbe mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa ayatamke. Tatizo liko kwenye utekelezaji. Tamko linalosubiri kumbukumbu na dhamiri ya mtu wakati kikao kimepamba moto halitoki. Iweko ajenda ya kudumu ya matamko ya maslahi mwanzoni mwa kila kikao cha Baraza na cha kamati, liweko daftari linaloweza kukaguliwa, na kanuni iseme wazi kwamba aliyetamka anatoka nje, habaki kona ya ukumbi akitazama wenzake usoni.

La nne ni nafasi ya mwananchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 196, inalitaka kila bunge la kaunti kuendesha shughuli zake kwa uwazi na kurahisisha ushiriki wa umma. Inakataza kuwafungia nje wananchi au vyombo vya habari, ila katika hali ya pekee ambapo Spika ameona kuna sababu za kuridhisha. Kwetu mikutano ya Baraza ni ya wazi, lakini uwazi wa mlango usio na tangazo ni nusu ya uwazi. Kanuni iagize ratiba na ajenda zibandikwe katika kila ofisi ya kata na ya kijiji, viwekwe viti vya wananchi, awepo mkalimani wa lugha ya alama panapohitajika, na muhtasari uliothibitishwa urudi kijijini na kusomwa kwenye Mkutano Mkuu. Pia iweko njia ya mwananchi kuleta ombi la maandishi na kujibiwa ndani ya robo moja.

La tano ni yatokanayo. Nalipa uzito kuliko yote. Halmashauri haipimwi kwa maazimio yaliyopitishwa; inapimwa kwa yaliyotekelezwa. Ajenda ya yatokanayo mara nyingi hupitishwa haraka, watu wana hamu ya kufika kwenye mambo mapya. Naomba kanuni iseme hivi: kila azimio liwe na jina la cheo kinachowajibika na tarehe ya kukamilika, na azimio lililovuka tarehe hiyo mara mbili liwe ajenda kamili yenye maelezo ya maandishi kutoka kwa Mkurugenzi. Kifungu hiki kimoja kingefufua visima, madaraja na vyumba vya madarasa vilivyozikwa kwa neno kwamba utekelezaji unaendelea.

Sheria ndogo zisiachwe nyuma

Mapitio ya kanuni yasiziache sheria ndogo, kwa maana huko ndiko mwananchi wa kawaida anakokutana na halmashauri uso kwa uso.

Chukueni ushuru wa mazao. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 5: mazao ya biashara yakawa asilimia 3 na ya chakula asilimia 2. Pia mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukaondolewa ushuru. Sheria ya nchi ikibadilika namna hiyo, sheria ndogo inayopingana nayo haina nguvu. Lakini mkulima aliyesimama kwenye kizuizi na magunia yake ya mahindi hana nakala ya sheria ya Bunge. Aliyeko mbele yake ni mkusanya ushuru mwenye mashine ya risiti na kiwango alichoelekezwa. Ikiwa halmashauri haina utaratibu wa kupitia sheria ndogo kila mara sheria mama inapobadilika, anayelipia uzembe huo ni mkulima, gunia kwa gunia.

Tulishapita hapo. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na kodi nyingi ndogondogo zilizokuwa kero, ambazo halmashauri zilikuwa zimezirundika kwa miaka bila kujiuliza kama gharama ya kuzikusanya haizidi mapato yake. Zilifutwa kutoka juu kwa amri moja, na halmashauri zikabaki na pengo la mapato ambalo hazikulipangia. Kama kila halmashauri ingekuwa na desturi ya kupitia sheria zake ndogo yenyewe, ingeziondoa zile za kero mapema, moja baada ya nyingine, na kutafuta mbadala kwa utulivu.

Upande wa matumizi ni vivyo hivyo. Mwaka 2018 Sheria ya fedha za Serikali za Mitaa ilifanyiwa marekebisho yaliyofanya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwa wajibu wa kisheria: sehemu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili kurekebisha utaratibu wake, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kila badiliko la aina hii linahitaji kanuni za vikao kujibu: kamati gani inachambua maombi, nani anasimamia marejesho, Baraza linapata taarifa lini? Jibu lisipoandikwa, fedha za vikundi hubaki mikononi mwa wachache wanaojua milango.

Hatua kwa hatua

Naomba nitaje hatua ambazo naona zinafaa, ili tusibaki kwenye maneno ya jumla.

Kwanza, Baraza liunde kikosi kidogo cha mapitio chenye madiwani wa kata na wa viti maalum, wa chama tawala na wa upinzani kama wamo, pamoja na Mwanasheria, karani wa vikao na mtendaji mmoja wa kata. Karani asisahaulike. Yeye ndiye anayejua kanuni ipi huvunjwa kila mara na kwa kisingizio gani.

Pili, kikosi kisome mihtasari na hoja za ukaguzi, kiandike ripoti fupi ya magonjwa kabla ya kuandika kifungu kimoja.

Tatu, ripoti hiyo ipelekwe kwenye Kamati za Maendeleo ya Kata na Mikutano Mikuu ya Vijiji. Jambo hili si geni. Sheria inaitaka Halmashauri ya Kijiji kuitisha mkutano wa wakazi na kupata maoni yao kabla ya kupeleka sheria ndogo za kijiji wilayani ziidhinishwe. Kama kijiji kinaweza, wilaya inaweza.

Nne, rasimu ijadiliwe kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha Baraza lote, kifungu kwa kifungu, kila badiliko likiwa na sababu iliyoandikwa pembeni yake. Baada ya hapo rasimu iende kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa kwa idhini, kisha itangazwe katika Gazeti la Serikali.

Tano, kanuni mpya zifundishwe kwa madiwani, kwa wakuu wa idara na kwa watendaji, na nakala iwekwe kila ofisi ya kata. Kanuni iliyofungiwa katika droo ya ofisi ya sheria ni sawa na kanuni isiyokuwepo.

Wanaosema haiwezekani

Najua majibu yatakayotolewa. Wapo watakaosema kwamba TAMISEMI huleta kielelezo cha kanuni, kwa hiyo halmashauri haina la kufanya zaidi ya kujaza jina lake. Nasema kielelezo ni msaada mzuri, maana kinalinda viwango vya chini nchi nzima. Lakini Mafia yenye bahari, Ngorongoro yenye wafugaji wanaohama, na Manispaa ya Kinondoni yenye watu waliosongamana haziwezi kuwa na ratiba moja ya vikao, wala njia moja ya kuwafikia wananchi. Kuiga kielelezo bila kukisoma ni kukataa madaraka ambayo Katiba imeyaleta mlangoni.

Wapo watakaosema fedha hakuna. Mapitio ninayoyaeleza hayahitaji hoteli wala semina ya mkoa wa mbali. Mihtasari imo kabatini. Mikutano ya vijiji ipo kwenye ratiba kila baada ya miezi mitatu. Kinachohitajika ni kuongeza ajenda moja.

Na wapo watakaosema kwamba wananchi hawana hamu na mambo ya taratibu. Nimewasikiliza wananchi wengi wakilalamika kuhusu halmashauri zao, na karibu kila lalamiko, ukilifuatilia hadi chini, ni la kanuni: hatukuambiwa, hatukusikilizwa, hatukujibiwa, aliyeamua alikuwa na lake. Wananchi wana hamu kubwa ya taratibu. Hawajapewa tu nafasi ya kuzigusa.

Rai

Waheshimiwa madiwani, kikao chenu kijacho cha kawaida kiwe na hoja moja zaidi: kuunda kikosi cha kupitia Kanuni za Kudumu na sheria ndogo, kikiwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuleta ripoti. Diwani mmoja akiitoa, mwingine aiunge mkono, bila kujali chama.

Ndugu watendaji, toeni mihtasari. Ni mali ya umma, nanyi ni watunzaji wake.

Na wewe mwananchi uliyekuja hapa, au utakayeusoma mhadhara huu baadaye, nenda ofisi ya kata yako wiki hii ukaombe mambo mawili: nakala ya Kanuni za Kudumu za Halmashauri yako, na tarehe ya mkutano ujao wa Baraza la Madiwani. Ukipewa, soma, kisha nenda ukakae ukumbini. Ukinyimwa, andika barua, na kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji au wa mtaa wako simama uulize kwa nini. Madaraka ambayo Katiba imekupa yanaanza kufanya kazi hapo.